Rehema wa kompyuta ni mali ya nani?

*Mwalimu sasa anaweza kusomewa somo lake na mashine kwa dakika chache. Faili likishatoka kwenye programu na kuanza kuzunguka kwenye simu za watu, ndipo suala la leseni linapoibuka.*

Tuchukue mwalimu wa Historia ya Tanzania na Maadili katika kata ya Miono, halmashauri ya Chalinze, kwenye njia inayotoka Mandera kwenda Saadani. Jioni moja anaandika somo la biashara ya misafara: pembe za ndovu na watumwa kutoka bara, Bagamoyo palipokuwa mwisho wa safari, magofu ya Kaole. Maneno yote ni yake.

Anayaingiza kwenye programu ya kutengenezea masomo, anachagua sauti ya kike yenye lafudhi ya Tanzania, anabofya. Muda si muda ana dakika sita za masimulizi, hayana kikohozi wala jogoo wa jirani.

Analitoa lile faili la sauti peke yake, nje ya somo, analihifadhi kwenye simu. Maombi yanaanza. Mwenzake wa Kiwangwa anataka atumiwe kwa WhatsApp awachezee wanafunzi wake. Mwenye kituo cha tuisheni Chalinze mjini anataka kuliweka kwenye flashi pamoja na maswali ya marudio, auze. Redio ya jamii inataka kulirusha Jumamosi asubuhi, katikati ya tangazo la mbolea na la kampuni ya simu.

Mwalimu huyu nimemtunga. Programu hazikutungwa. Microsoft peke yake ina sauti mbili za Kiswahili cha Tanzania, imezipa majina ya Rehema na Daudi, na mbili za Kenya, Zuri na Rafiki. Articulate ya Marekani, inayotengeneza Storyline na Rise, programu zinazotumiwa sana duniani kuandaa masomo ya kompyuta, imeziingiza sauti za kampuni ya ElevenLabs ndani ya msaidizi wake wa akili mnemba. Meta nayo mwaka 2023 ilitoa bure sauti za mashine kwa lugha zaidi ya 1,100, Kiswahili kikiwemo.

Kwa hiyo faili la dakika sita lipo, na wanaolitaka ni watatu. Kila mmoja ana jibu lake, na sehemu ya kwanza ambayo mwalimu angekimbilia kutafuta jibu hilo haimsaidii sana.

SHERIA INATAFUTA MTU

Sehemu hiyo ni Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, Sura ya 218 ya Sheria za Tanzania. Ndiyo iliyozaa COSOTA, chombo cha serikali cha kusimamia hakimiliki, na ndiyo inayompa mtunzi haki zake kwa maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa.

Mtunzi anayezungumzwa humo ni binadamu aliyeibuni kazi. Mashine haimo. Kwa hiyo matini ya somo, yale maneno ya mwalimu kuhusu misafara na Kaole, yanalindwa bila shaka yoyote. Yanaweza kuwa mali yake au ya mwajiri wake, kutegemea kama aliyaandika kama sehemu ya kazi aliyoajiriwa, lakini yana mwenyewe.

Sauti iliyoyasoma ndiyo yenye utata. Hakuna mtumbuizaji aliyesimama mbele ya maikrofoni kulisoma somo hilo, kwa hiyo hakuna wa kudai haki ya mtumbuizaji. Wakili mjanja anaweza kujenga hoja kwamba mwalimu ni mtayarishaji wa rekodi, kwa kuwa yeye ndiye aliyesababisha sauti hizo zinaswe kwa mara ya kwanza. Ni hoja nzuri. Ila mwalimu wa Miono hawezi kwenda mahakamani kuijaribu kwa ajili ya dakika sita.

Ukivuka mpaka pale Horohoro mambo yanabadilika. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 inasema wazi kwamba kazi iliyotengenezwa na kompyuta, mtunzi wake ni yule aliyefanya matayarisho yaliyohitajika ili itokee. Wakenya waliirithi fikra hiyo kwa Waingereza, ambao waliiweka kwenye sheria yao ya mwaka 1988. Mwalimu wa Lunga Lunga, kwa faili kama hilo hilo, ana mahali pa kushika.

Marekani imekwenda upande mwingine kabisa. Mwezi Machi 2025 mahakama ya rufaa ya Washington, katika kesi ya Stephen Thaler, ilishikilia kwamba hakimiliki inamhitaji mtunzi binadamu. Ofisi ya hakimiliki ya huko ilikwisha kusema hivyo tangu mwanzo.

Mtu anaweza kufikiri kwamba kitu kisicho na mtunzi ni cha kuokota. Hapo ndipo wengi wanapoteleza.

VIGEZO NA MASHARTI

Tunayasikia maneno haya kila siku, yakisemwa mbiombio mwishoni mwa matangazo ya kubeti na ya vifurushi vya simu: vigezo na masharti kuzingatiwa. Katika biashara ya sauti za mashine, vigezo na masharti ndiyo sheria yenyewe. Ulipobofya "nakubali" uliingia mkataba, na mkataba unakufunga hata kama hakimiliki haipo.

Mkataba huo nao ni mnyororo. Mwalimu ana makubaliano na mwenye programu ya masomo. Mwenye programu ana makubaliano na kampuni ya sauti. Kampuni ya sauti ina makubaliano, au ilipaswa kuwa nayo, na binadamu aliyerekodiwa ili mashine ijifunze kwake. Hakuna katika mnyororo huo anayeweza kumpa wa chini yake haki ambayo yeye mwenyewe hakupewa.

> *Ulipobofya "nakubali" uliingia mkataba, na mkataba unakufunga hata kama hakimiliki haipo.*

Ndiyo maana swali la kuuliza kuhusu programu yoyote ya masomo ni moja, nalo linapuuzwa: sauti inaruhusiwa kutumika *ndani ya somo* tu, au inaruhusiwa pia *ikitolewa peke yake*? Hizo ni ruhusa mbili. Kampuni inaweza kukupa picha, muziki na sauti za kupamba somo bila kipingamizi, halafu ikakataza kuzigawa zikiwa faili zinazojitegemea. Mwenzetu wa Kiwangwa akipewa somo zima, na mazoezi yake, anaweza kuwa salama. Akipewa lile faili la sauti tu, huenda mpaka umevukwa, na wote wawili hawana habari.

Kituo cha tuisheni kina shida nzito zaidi, kwa sababu kinauza. ElevenLabs, kwa mfano, hairuhusu matumizi ya kibiashara kwa anayetumia huduma yake bure, na inamtaka ataje jina la kampuni anaposambaza sauti. Anayelipia ndiye mwenye leseni ya biashara. Na hapa kuna jambo linalowanasa wengi: kinachoangaliwa ni ulikuwa mteja wa aina gani siku sauti ilipotengenezwa. Kulipia mwezi ujao hakulisafishi faili la bure la mwezi huu. Inabidi litengenezwe upya.

Sauti za Meta zimetolewa kwa leseni ya Creative Commons inayokataza biashara. Leseni hiyo inapima lengo la matumizi: kama shabaha yake kubwa ni faida ya kibiashara au malipo ya fedha, hairuhusiwi. Shule ya serikali inayowachezea wanafunzi wake darasani haigombani na sharti hilo. Flashi ya kuuza Chalinze inagombana nalo, hata ikiuzwa kwa bei ya maandazi.

Redio ya jamii iko katikati. Haiuzi somo, lakini inauza muda wa matangazo yanayolizunguka. Ningekuwa meneja wa kituo hicho ningemwomba mwalimu matini, nikamkabidhi mtangazaji wangu aisome. Ni dakika sita tu, na mtangazaji tayari analipwa.

Ipo pia njia ya programu huria. Piper, programu ya sauti inayofanya kazi kwenye kompyuta ndogo bila intaneti, ilianza na leseni legevu sana. Lakini kila sauti ndani yake ina masharti ya rekodi iliyoizaa, na hayo husomwa kando. Sauti ya Kiswahili niliyoizoea humo ni ya Kiswahili cha Kongo. Mtoto wa Miono ataielewa, na atacheka kidogo.

MWENYE KOO LAKE

Hadi hapa tumezungumza kana kwamba sauti hizi zimetoka kwenye umeme. Nyuma ya sauti nyingi nzuri yupo mtu aliyekaa studio akisoma sentensi kwa siku nyingi, na manung'uniko makubwa zaidi katika biashara hii yametoka kwa watu hao.

Bev Standing ni msomaji wa Canada. Alirekodi kazi aliyoambiwa ni ya tafsiri kwa ajili ya taasisi moja ya China. Baadaye akajisikia kwenye TikTok, mamilioni ya watu wakiitumia sauti yake kusoma vichekesho, na mengine ambayo yeye asingeyatamka. Mwaka 2021 alikwenda mahakamani Marekani dhidi ya ByteDance, wenye TikTok. Sauti ikabadilishwa, na shauri likaisha kwa makubaliano mwaka huo huo.

Kisa cha Gayanne Potter kinatuhusu kwa karibu zaidi. Yeye ni msomaji wa Scotland. Mwaka 2021 alirekodi kwa kampuni ya ReadSpeaker, na anasema alielewa kwamba kazi hiyo ingetumika kuwasaidia wenye ulemavu na katika masomo ya mtandaoni. Mwaka 2025 alijulikana baada ya kulalamika kwamba treni za ScotRail zilikuwa zikitangaza vituo kwa sauti ya mashine iliyopewa jina la Iona, iliyotokana na koo lake.

Ruhusa iliyotolewa kwa somo la mtandaoni iliishia kwenye behewa la treni. Kwa maelezo ya Potter mwenyewe, hakuwahi kuikubali safari hiyo.

Kampuni zina utetezi wao na si wa kupuuzwa. Microsoft, kwa anayetaka kutengenezewa sauti maalumu, inadai kwanza rekodi ya mwenye sauti akitamka kwa kinywa chake kwamba amekubali. ElevenLabs ina maktaba ambamo watu huweka sauti zao kwa hiari na kulipwa zinapotumika. Mwenye sauti akitaka kuondoka anaweza kuondoka kwa kutoa muda wa taarifa, na hiyo ni haki yake. Lakini mwalimu aliyerekodi mada tano kwa sauti hiyo atatafuta sauti nyingine kwa mada ya sita.

Kwetu kuna sheria nyingine inayogusa suala hili, na inasahauliwa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi Na. 11 ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inaziweka taarifa za kibayometria katika kundi la taarifa nyeti. Mwalimu akichukua ujumbe wa sauti wa mkuu wa shule kutoka kwenye WhatsApp, akaunakili kwa programu ili "mkuu" asome somo zima, hajacheza na hakimiliki. Amechukua kitu cha mwili wa mtu, na alipaswa kuomba kwanza.

TULIWAHI KUPITA HAPA

Elimu ya kusikiliza si ngeni nchini. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya, iliyoendeshwa na Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima kwa kutumia Radio Tanzania Dar es Salaam, iliwakusanya watu wapatao milioni 2 katika vikundi vya kusikiliza na kujadili. Wakachimba vyoo, wakasafisha visima. Sauti zilizowafundisha zilikuwa za watangazaji wa serikali, na hakuna aliyeuliza leseni kwa sababu mwajiri, studio na mtambo vilikuwa kitu kimoja.

Palipoharibika ni kwenye muziki. RTD hiyo hiyo ndiyo iliyokuwa studio ya bendi zote kubwa za nchi. Bendi ziliingia, zikarekodi, kanda zikabaki kituoni. Nyimbo zilipoanza kunakiliwa kwenye kaseti na kuuzwa mitaani, wanamuziki wengi hawakuwa na karatasi ya kuonyesha walikubaliana nini na nani. Sheria iliyokuwepo ilikuwa ya mwaka 1966. Ilipofika ya 1999, baadhi yao walikwisha kufa.

Hata wale waliotafsiri filamu za nje kwa sauti zao kwenye mabanda ya video, marehemu Lufufu akiwa ndiye aliyetia fora, walifanya biashara ya nusu kwa nusu: sauti ilikuwa yao, filamu haikuwa yao. Watazamaji walimpenda Lufufu kuliko nyota wa filamu, na bado upendo huo haukumpa haki juu ya filamu yenyewe.

Nayasema haya kwa sababu kuna wanaoliona suala la leseni kuwa la Wazungu na mawakili wao. Hasara ya kazi isiyo na karatasi tunayo hapa hapa, na imo kwenye familia za wanamuziki tunaowasikiliza kila Jumapili.

MASHINE ISIONEWE

Ni haki kusema upande wa mashine pia. Binadamu akikosea jina la mto, umwite tena studio. Mashine inarekebisha kwa kubadilisha herufi moja. Kwa mwanafunzi asiyeona, programu inayosoma maandishi kwa sauti ni njia ya kuingia darasani, na Tanzania ilijiunga na Mkataba wa Marrakesh mwaka 2020 kwa ajili ya wasomaji wa namna hiyo. Kumnyima sauti kwa kusubiri bajeti ya msomaji ni ukatili.

Ila mashine ina mipaka yake, hasa katika somo la pwani. Inaweza kutamka majina ya mahali kama Kaole na Winde vizuri, ikafika kwenye tarakimu ikajikwaa. Haijui pa kushusha sauti inapozungumzia soko la watumwa. Inasoma bei ya pembe za ndovu na idadi ya waliokufa njiani kwa furaha ile ile.

> *Inasoma bei ya pembe za ndovu na idadi ya waliokufa njiani kwa furaha ile ile.*

Kuna pia hasara ya lugha yenyewe ambayo haionekani haraka. Masharti ya kampuni kadhaa kubwa, OpenAI ikiwemo, yanakataza mtu kutumia kinachozalishwa na mashine zao kujengea mashine shindani. Tukijaza maktaba za shule kwa sauti za namna hiyo, mtafiti wa Kitanzania anayetaka kujenga sauti ya Kiswahili iliyo yetu hataweza kuzigusa. Tofauti yake ni Common Voice ya Mozilla. Mwaka 2021 mradi huo ulipata dola milioni 3.4 za kukuza teknolojia ya sauti Afrika Mashariki kwa kuanzia na Kiswahili, na watu wa Kenya na Tanzania wakajitolea kusoma sentensi. Rekodi zake zimeachiwa bila masharti ya hakimiliki. Sharti linalobaki ni la adabu: usijaribu kumtambua aliyesoma.

WASOMAJI WAPO BAGAMOYO

Kinachonishangaza katika mjadala huu ni jiografia. Miono imo wilaya ya Bagamoyo. Na Bagamoyo ndiko kuliko na taasisi ya umma inayofundisha watu kutumia sauti zao: Chuo cha Sanaa kilichoanzishwa mwaka 1981, ambacho tangu mwaka 2007 kinaitwa Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, TaSUBa. Wahitimu wake wanajua kuvuta pumzi, kutua, kubeba majonzi bila kulia.

Kazi hiyo ina soko. Miaka zaidi ya kumi iliyopita tamthilia ya Kichina ya Mao Doudou ilionyeshwa TBC kwa Kiswahili, ikapendwa hadi Rais Xi Jinping akaitaja katika hotuba yake Dar es Salaam mwezi Machi 2013. StarTimes baadaye ikaendesha mashindano ya kutafuta sauti za Kitanzania, washindi wakaenda Beijing kufanya kazi hiyo. Azam nayo imewazoesha watazamaji tamthilia za Kituruki zinazozungumza Kiswahili. Watu wa kusoma tunao.

Mhitimu wa TaSUBa akisoma masomo ya muhula mzima kwa mkataba wa ukurasa mmoja, kila swali la makala hii linapata jibu kabla halijaulizwa. Mkataba useme anayelipa anaweza kuitoa sauti peke yake, kuirusha redioni, kuigawa kwa shule nyingine. Useme kama inaruhusiwa kufundishia mashine au hairuhusiwi, na ikiruhusiwa, kwa malipo gani. Useme itadumu miaka mingapi. COSOTA inasajili kazi na ofisi yake ipo Dar es Salaam.

Msimamo wangu, basi, ni huu. Somo linalotengenezwa kwa fedha za umma ili lizunguke nchi nzima lisomwe na binadamu mwenye mkataba. Sauti ya mashine ibaki kwa matoleo ya majaribio, kwa mazoezi ya darasa moja, kwa marekebisho ya haraka na kwa wanafunzi wasioona, na kila faili lifuatane na nakala ya masharti kama yalivyokuwa siku lilipotengenezwa. Masharti ya mtandaoni hubadilika usiku, na kampuni haikupigii simu ya kukuarifu kama anavyofanya ndugu.

Taasisi ya Elimu Tanzania (TET) inayo maktaba mtandao, na inao mfumo ambao walimu hujifunzia mtandaoni katika MEWAKA, mpango wa mafunzo endelevu ya walimu kazini. Walimu wanaingia humo na wanatoka na ujuzi wa kutengeneza masomo yao wenyewe. TET na COSOTA wakae pamoja, watoe mwongozo wa kurasa mbili kwa Kiswahili chepesi: ruhusa ya ndani ya somo ni ipi, ya nje ya somo ni ipi, biashara inaanzia wapi, na mfano wa mkataba wa msomaji ambao mwalimu anaweza kuunakili na kuujaza kwa kalamu. Mwongozo huo uwekwe kwenye ukurasa ule ule mwalimu anapopakia somo lake, kabla hajabofya.